Chini ya Meza

Saa kumi na moja na nusu, Alfama haijakohoa.
Natandika blanketi sakafuni jikoni,
kati ya jiko na meza,
nafasi ya mtu mmoja asiyejigeuza sana.

Kwanza magoti. Halafu kiganja. Halafu kiganja cha pili.
Nashuka kama kabati linaloteremshwa ngazi:
kona moja, pumzika, kona nyingine.

Mgongo wangu haujavunjika. Niseme hivyo mapema,
maana Idalina akinisikia naguna
huanza kuhesabu fedha za mazishi.
Umekaza tu, hapa chini, juu ya mkanda,
kama droo iliyovimba kwa unyevu:
inafunguka, lakini mpaka uibembeleze.

Miaka thelathini na moja natandaza mawe njiani,
chokaa jeupe, basalti jeusi,
nimekaa kwenye kigoda, nyundo mkononi,
kidevu karibu na magoti.
Watu husema kumpa mtu mgongo ni kumtupa.
Mimi mji huu nimeupa mgongo kila siku ya kazi
na sijautupa hata saa moja.

Kwenye mlango wa jokofu iko karatasi
ya yule binti wa kituo cha afya, Mafalda,
mwenye vidole baridi.
Amechora mtu asiye na uso, mara nne.
Chini yake ameandika: ikivuta, kaa; ikichoma, acha.
Nimefanya kazi chini ya wasimamizi saba,
hakuna aliyewahi kunipa amri yenye adabu kama hiyo.

Basi. Goti la kulia kifuani.
Nalikumbatia kama mtoto wa watu,
bila kulibana.
Pumzi inaingia, inatoka,
na kitu karibu na nyonga kinalegea
kiasi cha punje ya chumvi.
Goti la kushoto. Hili kaidi. Hili lina habari zake.

Polepole, alisema Mafalda.
Polepole ni pole iliyotamkwa mara mbili:
ya kwanza kwa mgongo,
ya pili kwa mwenye mgongo
aliyechelewa kuitoa ile ya kwanza.

Halafu magoti yote mawili
yanalala kulia, yanalala kushoto,
mabega yakibaki chini kama mawe yaliyokwishagongwa.
Ni hapo, shingo ikiwa imegeukia upande wa pili,
Jumanne ya wiki iliyopita, nilipoiona:
chingamu, kavu, imeganda chini ya meza,
ya kijivu, na alama ya kidole gumba.
Kidole kidogo. Cha Rui.

Rui ana miaka thelathini na minane sasa, yuko Luksemburgi,
anapiga plasta dari za watu,
uso juu siku nzima kama mimi niliye uso chini.
Jumapili akipiga simu hunyamaza katikati ya sentensi;
nasikia kiti kikilia, najua anajinyoosha.
Hatujawahi kuulizana habari za migongo.

Idalina angeibandua kwa kisu. Sijamwambia.

Mwisho ni paka: mikono na magoti,
mgongo juu, kama daraja,
mgongo chini, kama kamba ya nguo zilizolowa.
Mara ya tano pingili moja inalia, tik,
sauti ile ile ya jiwe lililopata mahali pake
bila kungoja pigo la pili.

Nasimama. Nafunga viatu bila kushika ukuta.
Kiatu kimoja. Cha pili nimeushika.
Nje, tramu ya kwanza inapanda kilima
ikiguna kuliko mimi.

Jumapili nitamsomea Rui karatasi kwa simu.
Maneno ni mepesi; michoro sijui nitaisomaje.
Kuna mtu amelala chali, nitasema, hana uso.
Mvalishe wa kwako.
Sasa vuta goti.