Jina Chini ya Rangi

Mwalimu Tsofa alitupa kazi ya muhula:
"Buni mnara. Tuseme mji umebakiwa na nafasi moja."
Hakusema wapi. Hakusema wa nani.
Akapiga chafya ya vumbi la plasta, akatoka.

Nikaenda kwenye Pembe,
maana asiyejua pa kuanzia huanzia palipo na watu.
Bati, si pembe. Kila mtu hapa Mombasa anajua ni bati,
na kila mtu anaziita pembe.
Nikagonga kwa kidole: zikalia kama sufuria tupu.
Nikahesabu misumari hadi mia na kumi na mbili,
honi ya tuktuk ikanipotezea hesabu.
Kila msumari ni pigo la mkono wa mtu.
Aliyeagiza zijengwe yumo vitabuni.
Aliyeshika nyundo alikwenda kula mihogo, basi.

Ndia Kuu, juu ya mlango mmoja uliochongwa,
limo jina la mwenye nyumba na mwaka wa Hijria.
Fundi hakujiandika.
Lakini ua la tatu kutoka kushoto
lina petali saba, na wenziwe wote wana nane.
Nimelichora mara sita daftarini.
Usingizi? Njaa? Au kusudi,
pale ambapo tajiri hahesabu?
Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili:
sahihi ni jina utialo chini ya kazi,
na sahihi ni kitu kisicho kosa.
Hapa kosa lenyewe ndiyo sahihi.

Wangu nikamchagua: Bi Mejumaa,
afagiaye chini ya Pembe kabla ya adhana ya alfajiri.
Nikamwambia, nataka kukufinyanga, usimame mjini.
Akacheka mpaka akauegemea ufagio.
"Nisimame? Nimesimama tangu saa kumi!
Tena nina deni la mchele kwa Mzee Tuwa.
Ukiniweka barabarani atakuja kunidai kila siku.
Nifinyange nimekaa, au niache."

Udongo wa Jomvu ulinikatalia.
Kichwa kilianguka mara mbili.
Mara ya tatu kikasimama, kikawa na sura ya mama yangu,
na mama hajawahi kufagia mji.
Nikakivunja, nikakirudisha ndooni, nikamwagia maji.
Usiku mzima nilisikia ndoo ikinywa.

Nikarudi kwake mikono mitupu.
Ufagio wa chelewa ulikuwa umeacha matao mchangani,
tao juu ya tao,
mwandiko wa mtu mwenye haraka na mwenye hati nzuri.
Pikipiki ya mikate ikakata ukurasa katikati.
Nikapiga magoti, nikamwaga plasta pembeni, palipobaki.
Iliganda na mchanga, kizibo cha soda,
na unywele mmoja, sijui wa nani.
Huo ndio mnara wangu. Upana wake, sinia ya pilau.

"Jina?" akauliza Mwalimu Tsofa, kalamu mkononi.
Sikujua anauliza la kazi au langu.
Nikasema, "Bado."
Akaandika: Bado. Akanipa alama sitini na moja.

Wiki iliyofuata Pembe zikapakwa rangi upya.
Kijana mmoja juu kabisa ya jukwaa, kofia ya gazeti kichwani,
alichovya brashi, akaandika jina lake,
herufi ndefu kama watu,
nyeupe juu ya ukungu wa moshi wa miaka.
Nilisoma tatu za mwanzo.
Kisha akaanza kulipaka, polepole, kwa rangi ileile,
kama mtu anayemfunika mtoto shuka,
mpaka jina likawa pembe.
Akaniona. Akaweka kidole mdomoni.

Chini, Bi Mejumaa alikuwa anakwangua matone ya rangi,
analaani, mkono kiunoni.
"Yule kaandika nini kule juu?"
Herufi tatu ninazo hadi leo.
"Hakuandika, bibi," nikamwambia. "Kapaka rangi."