Msimu wa Tatu Haupo

Kazi yangu ni mistari miwili chini ya kioo,
herufi arobaini na mbili kwa mstari, hazizidi.
Mtu akisema mengi nampunguza
kama fundi anavyopunguza kanzu ya marehemu
imwenee mwanawe.

Ofisi iko Ghala, chumba cha nyuma, juu ya duka la matairi.
Nje joto nyuzi arobaini na saba.
Kwenye kioo changu, theluji.

Mwaka wa nane huu nawatafsiri Wakanada.
Mwanzo sikujua kuwa ndio wao.
Polisi walisema wako Chikago,
teksi za njano, bendera ya jirani,
lakini nyuma ya maiti, dirishani mwa benki,
nikaliona jani jekundu, wamesahau kulifunika.
Tangu hapo nikawa nawavizia:
bei ya petroli kwa lita,
sanduku la posta,
mpita njia anayeomba radhi baada ya kukumbwa yeye.
Mji mzima umekodishwa uwe mji mwingine,
unalipwa vizuri, na unanyamaza.

Sikuwacheka. Mimi hapa ni "yule Mzinjibari,"
na Unguja, nilipokwenda mara moja kuzika,
nikawa "yule Mmanga."
Kufunika jani nakujua.

Kisha ikaja hii moja, isiyojifanya.
Kijiji cha Manitoba ambacho wenyewe
hawakubaliani jina lake hutamkwaje.
Mwanamke, Dorini, anaendesha greda la theluji usiku,
mwanawe hasemi naye.
Basi. Hakuna bastola.
Sehemu ya nne, tangu mwanzo hadi mwisho,
wanatafuta ufunguo wa ukumbi wa barafu.
Nilikwama kwenye neno lenyewe:
Kiarabu chetu kina thalji moja tu,
ya kwenye jagi na ya kuanguka mbinguni.
Kiswahili cha mama kina barafu, kina na theluji,
na hiyo ya pili mama hajapata kuiona.

Mama hasomi upesi. Maandishi yangu yanampita.
Kwa hiyo usiku, Al Khoudh, kiyoyozi kikidondoka ndooni,
nazima sauti nikamsomea kwa lugha yetu.
Ndimi Dorini, ndimi mwanawe,
hata greda ndimi, navuma.
"Bibi huyu ana kiburi," husema mama,
"kama Zeyana wa Vuga. Endelea."

Mwisho wa msimu wa pili
greda limezimika, taa zake zinawaka,
na mtu anakuja kwa miguu katikati ya barabara.
Uso hatuuoni.

Barua ilifika Jumapili, mistari mitatu.
Ningeweza kuibana ikawa miwili.
Kituo kimenunuliwa na kituo,
na kilichonunua nacho kiko sokoni.
Watu wa kwao wenyewe, saa ile ile,
walikuwa wakiangalia polisi wa Chikago.
Tunashukuru kwa ushirikiano wako.

Nikamwandikia Paskali, anayenitumia mafaili kutoka Winipegi:
Ni nani yule barabarani?
Akajibu usiku wa manane, kwake mchana:
Hata mwandishi hajui.
Alikuwa akingoja pesa zitoke ndipo ajue.
Sasa anaandika matangazo ya bima.

Mama kaosha vikombe, kafunika haluwa,
kasogeza ndoo asije akaipiga teke gizani.
"Haya. Nani yule?"

Ningeweza kusema ni mwanawe.
Herufi chache, zingeenea.

"Wameacha kuitengeneza, mama."
"Wameacha, na mtu yuko njiani? Kwenye baridi ile?"
"Ndiyo."
Akakitazama kioo kilichozimwa, kitambo,
mkono ungali juu ya kawa.
"Basi mwandikie huyo Paskali.
Mwambie, bibi asikae hivyo hivyo. Awashe injini."