Pima Tena

Baba yake alikuwa wa kuazima:
dume la Borani, mzaliwa wa ranchi ya Kongwa,
Yeremia Chibago alimnunua kwa pesa za ufuta
akawa anamkodisha Kigwe nzima,
madebe mawili ya mtama kila safari.
Mama yake zebu wetu, mfupi, nundu kama ngumi,
mwenye adabu ya kiangazi:
hula kidogo, hadeki.

Kwato mbili zilitangulia, kisha pua.
Nikaandika daftarini: Novemba 29. Dume. Mwekundu,
baka jeupe tumboni.
Nafasi ya jina nikaiacha.
Wa kuuzwa hapewi jina, alisema mama.
Lakini Sechelela, mdogo wangu, alijua
mtama ule tuliununua kwa pesa ya kikundi, yenye riba,
akamwita Mkopo.

Kijiji kikapata cha kucheka.
Mkopo wenu kaingia shamba la watu!
Mkopo wenu ananenepa?
Na alfajiri ile alipovimba tezi chini ya masikio,
joto, machozi, pumzi ya kukoroma,
jirani aliponisikia napiga kelele "Mkopo anakufa!"
alidhani nashangilia.

Ndigana. Alhamisi mbili tulikosa josho,
dawa ilikwisha na mweka hazina hakuonekana.
Kupe mmoja, mdogo kama punje ya uwele,
alitaka kula jasho la miaka.
Lazaro Mahinyila, bwana mifugo, alifika saa nne usiku,
pikipiki yenye taa moja, sindano kwenye chupa ya chai.
Kulipokucha Mkopo alisimama.
Nikaandika: dawa, 38,000,
nikapiga mstari chini yake mara mbili
kama mtu aliyeonewa.

Kisha koleo la kuhasi. Hilo sisimulii;
wiki nzima aligoma kunitazama.
Kisha mwaka wa jua. Kaka yangu Masima aliwaswaga
hadi mbugani Bahi, kwenye matete,
wakarudi na mbavu
ambazo ungezihesabu gizani, kwa kiganja.

Watu hudhani ng'ombe ni majani.
Ng'ombe ni hesabu.
Miezi mitatu ya mwisho nilimfungia bandani,
mashudu ya alizeti (nayo ya mkopo), pumba, chumvi,
molasi kidogo ya kuramba,
na kila Jumapili kamba ile ile yenye mafundo
niliizungusha kifuani pake, nyuma ya miguu ya mbele.
Fundo la tatu. La nne. La tano.
Wiki ya kumi na mbili kamba haikusogea,
nikajua: kuanzia leo nalisha hasara.

Msalato, Jumamosi. Hereni ya njano sikioni,
kibali mfukoni, vumbi hadi kwenye meno.
Dalali alimzunguka mara moja,
akambonyeza kiunoni kama anayechagua parachichi.
"Dada, huyu kilo mia mbili sitini. Taslimu, sasa hivi.
Macho yangu ndiyo mizani."
Nikamwambia, basi na yapande kule tuyaone.
Chuma kikatetemeka, kikatulia:
mia tatu kumi na nne.

Mnunuzi wa Dar alilipa, noti nikazihesabu nimezipa watu mgongo.
Mkopo alipanda Fuso mwenyewe,
akinusa mbao, akitafuta mashudu.
Sikusubiri liondoke.
Deni la kikundi nililituma kwa simu, riba na yote,
na Sechelela akapiga:
"Dada, mkopo umekwisha?"
Umekwisha. Si amekwisha.
Miaka mitatu mtoto yule
hakuwahi kumkosea ngeli.

Nilipita Majengo kununua nyama,
nyumbani wangetaka kuona mkono si mtupu.
Paja lilining'inia, muhuri wa zambarau wa mkaguzi
umechovya hadi kwenye mafuta.
Muuza bucha alikata, akatupia na mfupa,
kisahani kikashuka upesi mno.
"Kilo yako hiyo, dada."
Nilitazama kidole chake gumba, kilivyopumzika
pembeni mwa kile kisahani.

Pima tena, nikasema.