Uzito

Nyumba ishirini na saba, ukihesabu na ile iliyobomoka paa.
Bwawa moja. Barabara moja, inaingia,
inazunguka kanisa dogo kama mbuzi aliyefungwa kamba,
kisha inatokea ilikoingilia.
Basi la Jumatatu huja na mtu mmoja
na huondoka tupu.
Hicho ndicho Krtinov, nami ndiye mwandishi wake.

Daftari nililipokea kwa Drahomíra wa posta,
naye alilipokea kwa mwalimu Vendelín Hrubeš,
ambaye mwandiko wake ulisimama wima,
kila herufi imevaa kofia.
Mwalimu aliandika: Leo askari wa Kaizari wameishusha kengele.
Shaba yake itayeyushwa iwe mizinga.
Imepimwa, kilo mia mbili na nane.
Wanawake wameivisha shada la maua kama bibi harusi
au maiti.
Neno la mwisho alilikata,
lakini kwa mstari mwembamba, ili lisomeke.

Miaka ishirini na mitano ikapita. Kengele iliyochangiwa senti kwa senti
ikashushwa na askari wengine.
Mara hii mwalimu hakuandika uzito.
Aliandika: Tena.

Baada ya ukurasa wa 112 unakuja wa 115.
Wembe ulipita hapo, na mkono haukutetemeka.
Najua kilichokuwamo. Kila mtu anajua,
mtoto wa hapa huzaliwa anajua:
kwamba nyumba tisa kati ya hizi ziliota ndoto kwa Kijerumani,
kwamba Ottilie Rössler alikuwa fundi wa kushona,
kwamba walipewa usiku mmoja, na kilo hamsini kila mtu,
kwamba kulipokucha ng'ombe walilia, viwele vimejaa,
na waliokwenda kuwakamua
hawakurudi tena makwao.

Funika kombe, tuliambiana. Tukafunika.
Ila mwanaharamu hakupita.
Alivuta kiti, akaketi mezani, akaomba chumvi.

Drahomíra yeye aliandika lita za maziwa.
Mipaka ya mashamba ilipolimwa ikafutika, wote tukawa ushirika: lita.
Shule ilipofungwa: lita.
Siku mwanawe wa pekee alipovuka mpaka usiku asirudi,
lita elfu moja mia moja arobaini,
mvua kidogo.

Novemba hii tulikausha bwawa, kama kila mwaka,
kuvua samaki wa Krismasi.
Matope yalifika mapajani. Kijana mmoja aligonga kitu kwa koleo,
akadhani jiwe, akakivuta, kikaja
na shingo, na gurudumu.
Cherehani.

Mzee Bořivoj Kučírek, miaka themanini na sita,
mkuu mstaafu wa zimamoto, aliingia na mabuti yake.
Aliifuta kwa mkono wa koti.
Ua moja la rangi ya dhahabu lilikuwa bado limeng'ang'ania chuma.
"Hii," alisema, "ilishona shati langu la kwanza la shule."
Tukanyamaza. Samaki walikuwa wakipiga mikia ndani ya mapipa.
"Nilishika taa mimi. Ottilie na mama yangu waliibeba,
huyu huku, huyu huku.
Alikataa irithiwe na mtu.
Mama akamwambia niachie mimi basi. Akasema hata wewe.
Kisha wakaisukuma pamoja.
Mama ndiye aliyelia."

Hakuna aliyemjibu. Mtu fulani aliuliza kama chai imebaki.

Nilimwomba muuza samaki mizani yake.
Jioni nikafungua daftari, nikaandika tarehe,
nikaandika Ottilie, herufi zote,
nikaandika: cherehani moja, imetoka bwawani,
pamoja na matope, kilo kumi na nne na nusu.

Iko kwa Bořivoj sasa, juu ya gazeti, kando ya jiko.
Gurudumu limekwama.
Anasema ni suala la mafuta tu.
Simwamini,
lakini jana nilimpelekea chupa.