Robo Iliyoungua

Mwanzoni niliandika kama walivyoandika wote:
KOROSHO SAFI. BEI NAFUU. KARIBUNI.
Kibao kikanyeshewa, herufi zikalia wino,
abiria wa Masasi wakanipa migongo,
na jirani yangu Mchopa, mwenye kibao kama changu,
naye akauza kama mimi: yaani hakuuza.

Ikawa asubuhi ya ukungu, ule wa Newala
unaoingia ndani bila hodi na kukaa kitini.
Nikaunguza robo ya karai. Nilikuwa namsikiliza mwanangu
akisoma kwa sauti, nikasahau kugeuza.
Nikatenga nyeusi huku, nyeupe huku,
na kwa hasira tu, si kwa akili ya biashara,
nikamnyang'anya Chande kalamu
nikaandika juu ya kila mfuko wa kaki:

"Leo nimeunguza robo. Tumezila wenyewe, chungu.
Hizi ndizo zilizosalimika. Somoe, nyuma ya stendi."

Mifuko kumi na minne. Haikuiona saa nne.
Dereva mmoja alirudi kwa miguu, gari linanguruma,
kuuliza: na mtoto alikuwa anasoma nini?

Hapo ndipo nilipoanza.
Kila siku mistari miwili, mitatu, isizidi kiganja.
Niliandika mafuta ya ganda yanavyobabua vidole,
kwamba majivu husaidia, lakini si sana;
niliandika mkorosho wa mama kule Kitangari
unaozaa upande mmoja tu, ule wa kwa shemeji,
na kesi yake ilivyoishia kwenye kicheko.
Niliandika bei ya ndoo ya maji wiki ile.
Sikuandika "tamu". Utamu mtu ataukuta mwenyewe,
ulimi hausomewi.

Watu wakawa wanasoma kabla ya kutafuna.
Mwalimu Nantipi alibandika kaki zangu ukutani kwake.
Muuguzi wa zamu ya usiku alinidai ya Jumanne,
aliyoikosa, kama mtu anayedai chenji.
Mchopa naye akaanza: "Leo nimeunguza robo."
Akaandika hivyo siku tisa mfululizo
mpaka wateja wakamwuliza kama ana macho.
Nilicheka. Usiku nikamwonea huruma.
Asubuhi nikamwambia: andika mguu wako.
Kila mtu anauona, hakuna anayeuliza.

Kisha mwezi wa tatu, stoo tupu,
akaja bwana mmoja na gunia nyuma ya bodaboda,
korosho za msimu wa juzi, bei ya kutupa.
"Changanya moja kwa tatu. Nani atajua?"
Na kweli, nani? Nilionja.
Zilikuwa na harufu ya sanduku la nguo za marehemu.
Chumvi ingeficha.

Nikakaa na kalamu. Kaki ishirini mbele yangu.
Nikaandika "Leo", nikasimama.
Nikachukua nyingine. "Leo".
Leo nime

Mkono uliozoea kukiri robo iliyoungua
haukuijua njia ya kupita hapa.
Kumbe maneno yote yale niliyodhani ya bure
nilikuwa nayaweka rehani,
na wenye rehani wako stendi, wanasubiri basi,
hata majina ya wengi wao siyajui.

Gunia likarudi lilikotoka.
Kesho yake mezani palikuwa na kaki tupu, zimekunjwa:
"Leo hakuna korosho. Zilizokuja zilinuka."

Walipita, wakasoma, wakaenda zao.
Siipambi siku ile: tulikunywa uji bila sukari,
na Chande akaniuliza swali ambalo sikulijibu.
Jioni yule muuguzi akachukua mfuko mmoja mtupu,
akautia mkobani, akaacha mia tano juu ya meza.
Nikamkimbilia: dada, humo hamna kitu.

"Najua," akasema. "Nimesoma."