Pembeni mwa Nasaba

Katibu, chovya kalamu,
ningali nina fahamu,
roho yatoka kwa zamu;
keti hapa mkekani.

Mimi ndimi Mwana Tatu
wa Mtambwe, mji wetu;
kwetu hatukosi kitu,
fedha imo mitungini.

Baba alinijengea
nyumba, na kunichongea
zidaka, akapangia
sahani za ukutani.

Dada aliposwa Kilwa,
kwa ngoma akatolewa,
hakurudi; huambiwa
yu hai, yu kaburini.

Kaka tuligombania
mizani ya kupimia
shanga; akaichukua,
hata Idi simuoni.

Mume alikuwa mwema,
mwenye haya, wa kusoma,
akafa kwa homa; nyuma
kaacha mimba tumboni.

Mtoto alipofika
maziwa yakakauka,
ndipo Mboza akamweka
mwanangu kwake titini.

Mboza, binti wa mpishi,
nguoze zanuka moshi,
jina lake halitoshi
kuingia nasabani.

Nilinyonya kwa mamaye,
chuchu moja mimi naye;
nilipougua, yeye
akatetema mekoni.

Ndiye sasa huniosha;
uji akishaninywesha
usiku kucha hukesha,
kichwa changu mapajani.

Mbona wasita, katibu?
Wasema: "Si taratibu
maziwa kuyahesabu,
damu ndiyo kitabuni."

Basi damu iko wapi?
Kilwa? Kwa kaka? Ni ipi
ilonishika makwapi
nikaketi kitandani?

Mwanangu Makame, keti.
Nyumba hii huipati,
mie nampa kwa dhati
Mboza, na vya ukutani.

Wacheka? Mwana, wacheka!
Kumbe nawe wakumbuka
ladha ya ulikotoka,
meno hayamo kinywani.

Andika pembeni basi,
usijipe wasiwasi,
herufi ndogo, nyepesi:
Mboza, ndugu wa titini.

*

Nakala nilonakili
mchwa wameila kweli:
baba, kaka, na mahali.
Mboza yupo. Yu pembeni.