Kopo la Baba, Keko

Bunduki niliirudisha polisi baada ya arobaini,
pamoja na kibali na kitambaa cha kusugulia mtutu.
Kopo sikuliona.
Lilikuwa juu ya kabati, nyuma ya sufuria za harusi,
limekaa miaka kumi na moja chini ya bati,
Februari kumi na moja za Keko,
joto la kulegeza mshumaa usiowashwa.

Asumini ndiye aliyelishusha, akitafuta sinia.
Kifuniko kimeng'ang'ania.
Kimeota kutu, na kutu imetokea ndani.

Baba alijaza risasi zake mwenyewe, usiku,
kwa mizani ndogo kama ya sonara.
Tulikatazwa hata kupiga chafya.
Siku moja alitunusisha:
"Baruti nzima ina harufu kali, safi,
kama rangi ya kucha ya mama yenu.
Ikianza kunuka siki, haikujui tena."
Kila kopo aliliandika kwa penseli siku lilipofunguliwa,
kama mama na samli yake.

Haiozi kama kibua. Inzi hawaji.
Hujila yenyewe, polepole,
na mvuke wa kule kujila huirudia kuila,
na joto la mji huu linachochea,
mji ambao hata chumvi hailali kavu.

Tulifungua. Siki.
Juu ya punje, vumbi jekundu kama pilipili ya unga.
Asumini akakohoa, akasema tumwage chooni.
Nikamshika mkono.

Afande Mwakibinga alikuja kutoka Chang'ombe
na glavu na ndoo ya maji.
Sigara aliyoipachika sikioni
aliitoa, akaiacha kwa jirani.
"Imekaa muda gani? Ya nani?"
Asumini, ambaye hakuja mazikoni,
ambaye jina lile halikumtoka mdomoni tangu ugomvi wa kiwanja,
alijibu kabla yangu:
"Ya baba."

Juu ya kabati limebaki duara la kutu.
Nimesugua kwa ndimu, nimesugua kwa majivu.
Mwisho nimeweka hapo kopo la sukari,
na tarehe, kwa penseli ileile.
Ijumaa sukari imeshagandana.
Asumini anaigonga kwa kijiko,
anainusa,
ananiuliza kama bado nzima.

Onja, namwambia.